Doa la unyayoni na hofu ya virusi

Mama mkubwa aliambiwa hapa Bukavu kwamba doa jeusi la kisiginoni ni melanoma, kansa ya chembe zinazoipa ngozi rangi. Kijana mmoja wa ukoo akasoma kwenye simu kwamba huenda virusi vinahusika. Kufika jioni beseni lake limetengwa, kandambili zake ziko nje ya mlango. Basi naanza na hilo: melanoma haiambukizi. Rudisheni beseni.

Swali la virusi lenyewe si upuuzi. Mwaka 2008 Yuan Chang na Patrick Moore, wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, walitangaza kirusi walichokikuta katika kansa nyingine adimu ya ngozi, ile ya Merkel. Kimo katika takriban asilimia 80 ya kansa hizo, ingawa watu wengi wanaishi nacho bila kuugua. Hao hao ndio waliogundua, mwaka 1994, kirusi kinacholeta kansa ya Kaposi. Ndiyo maana watafiti wakazigeukia melanoma zinazoota pasipochomwa na jua: nyayo, viganja, chini ya kucha, ndani ya pua. Wametafuta hadi virusi vya chunjua. Hakuna kilichothibitishwa kuwa chanzo. Tena Marekani, tangu 2015, kuna kirusi cha herpesi (kile cha malengelenge ya mdomoni) kilichobadilishwa ambacho madaktari hukidunga ndani ya uvimbe wa melanoma ili kiushambulie!

Kinachotuponza sisi weusi ni kuchelewa. Mama mkubwa anapanda na kushuka vilima vya mtaa wa Kadutu kila siku na mzigo kichwani, kwa hiyo kila aliyeuona mguu alikuwa na jibu: funza, sugu, chunjua. Akauziwa dawa ya kuunguza. Ngozi ya juu ikababuka, doa likazidi kupanuka chini yake. Bob Marley naye, kidole chake cha mguu kilidhaniwa kimeumia kwenye mpira. Mwaka 1977 ikabainika ni melanoma, na 1981 akafariki akiwa na miaka 36.

Doa lenye kingo zisizo sawa, linalokua au kutoa damu, lisiunguzwe. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu. Mmoja unaopanuka na kutia weusi ngozi ya pembeni, hapana. Ombeni kinyama kikatwe, kitiwe kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kipelekwe maabara. Michango ya ukoo ilipe kwanza kipimo hicho, marhamu baadaye. Na ulizeni mapema kichupa kinapelekwa wapi na nani atafuata majibu, maana kwetu yalikaa kwenye droo hadi binamu yangu alipokwenda kuyadai.