Kabla ya kuchora ramani ya chaza, andika saa ya maji

Nilipoombwa kwa mara ya kwanza kukisaidia kikundi cha akina mama wafugaji wa chaza katika ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja, nilikwenda na kompyuta yenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, picha za setilaiti na kujiamini kuliko kawaida. Kazi ilionekana nyepesi: tutafute mahali pa kufunga kamba za chaza wa lulu, penye kina cha kutosha, mbali na njia za vyombo na bila kuingilia mashamba ya mwani. Nilipima kina kwa kamba yenye chubwi tukiwa ndani ya ngalawa, nikaweka alama ya kila kipimo kwa GPS ya simu, na jioni ile nikachora ramani iliyokolea buluu pale palipokuwa na mita 4. Nilipoionyesha, mama mmoja aliyeokota kombe katika ghuba hiyo tangu utotoni aliweka kidole chake juu ya ile buluu, akasema: "Mwanangu, hapa siku za bamvua mimi napita kwa miguu."

Alisema kweli. Nilikuwa nimepima maji yamejaa, tena wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na huku kwetu maji ya bamvua hupishana kwa takribani mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Buluu yangu yote ilikuwa mchanga mtupu ifikapo saa ya kupwa, na chaza ambao ningewaning'iniza hapo wangekaa juani. Ubaya zaidi ni kwamba sikuweza kuisahihisha ramani hiyo, kwa sababu sikuwa nimeandika saa ya kila kipimo. Ningekuwa na saa, ningefungua jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, nikapunguza kimo cha maji cha wakati ule kwenye kipimo changu, nikabaki na kina cha maji yaliyokupwa kabisa, ambacho ndicho mfugaji anachokihitaji. Ikabidi turudi baharini siku mbili nzima, safari hii na daftari lenye safu ya saa na dakika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kutumia mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani ramani za kompyuta zinazobeba taarifa za kila mahali, katika ufugaji wa chaza, kombe au kome ni huo: kila nukta iwe na saa yake. Programu yenyewe si tatizo, kwani QGIS hupatikana bure na hufanya karibu kila kitu ambacho kikundi cha kijijini kitahitaji.

Jambo la pili ni mfumo wa majiranukta, yaani zile namba zinazotaja mahali kwenye ramani. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu zetu hutoa vipimo kwa WGS 84, na ukizipandanisha mbili hizo bila kubadilisha, alama zako husogea kwa karibu mita 300. Ardhini huenda ukagundua kosa mapema kwa sababu utaona nyumba imekaa juu ya barabara. Baharini hakuna cha kukushtua, na mita 300 zatosha kulitoa shamba kwenye maji tulivu na kulitupa katikati ya mkondo.

Picha za setilaiti ya Sentinel-2 nazitumia sana, maana hazilipiwi, zinaonyesha vipande vya mita 10 na hurudi mahali pale pale kila baada ya siku 5 hivi. Hata hivyo wakati wa masika utaona mawingu zaidi kuliko bahari, na majani ya baharini huonekana meusi kiasi kwamba mgeni huyadhania kuwa ni kilindi. Mimi niliwahi kudhania hivyo. Zile picha za setilaiti nyingine zinazokadiria chakula cha chaza majini zina vipande vikubwa mno kwa ghuba ndogo, kwa hiyo sizitegemei karibu na ufuo.

Katika kuchagua eneo, wengi hutoa alama kwa kila sifa kisha hujumlisha. Naona njia hiyo ni hatari ikitumiwa peke yake, kwani mahali panapokauka panaweza kupata jumla nzuri kwa kuwa pako karibu na kijiji na hapana mawimbi. Anza kwa kufuta kabisa sehemu zisizofaa: zinazokauka, zilizo njia ya vyombo, zilizo madago ya wavuvi, na zilizo karibu na midomo ya mitaro na vijito. Hilo la mitaro lina uzito wa pekee kwa chaza wa kuliwa, kwa sababu mnyama huyu hujilisha kwa kuchuja maji na hubaki na vijidudu vilivyomo. Umbali wa mstari mnyoofu hautoshi. Ulizia maji ya kupwa yanaelekea wapi, kwani uchafu hufuata mkondo. Ramani itakuonyesha pa kuchukua sampuli, lakini jibu litatoka maabara.

Faida kubwa niliiona baada ya shamba kuanza. Kila kamba ilipewa namba, na kila usafishaji na kila chaza aliyekufa akaandikwa kwa namba hiyo. Msimu wa kusi vifo vilipoongezeka, daftari lilionyesha namba na tarehe tu. Tulipoziweka namba kwenye ramani, tuliona vimekusanyika upande mmoja, kwenye kamba zilizo karibu na fungu la mchanga. Kamba hizo zilihamishwa. Siku hizi ramani imechapishwa, ikawekwa ndani ya plastiki na kutundikwa bandani, akina mama huiandika kwa kalamu kila warudipo kutoka majini, nami kila baada ya bamvua huipiga picha na kuingiza alama zao kwenye kompyuta, pamoja na saa.