Umeng'olewa gego: sato sawa, dagaa wasubiri

Pole dada. Umesema gego la chini limetoka leo asubuhi, na hapo nyumbani Igombe samaki mlio nao ni sato na dagaa tu, unauliza ule nini. Usile chochote mpaka ganzi iishe, kwa kawaida baada ya muda wa saa mbili hadi nne, maana utajing'ata ulimi bila kuhisi.

Unacholinda ni bonge la damu lililoziba shimo. Likichomoka, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake yanaweza kuzidi ya jino lenyewe. Kwa hiyo usinywe kwa mrija, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara. Uji uwe vuguvugu; wa moto huamsha damu upya.

Leo kunywa uji laini, mtindi na maji, ule na parachichi lililopondwa. Kesho ponda viazi vitamu kwa mchuzi wa sato. Sato mchemshe, toa miiba yote kwa vidole kabla hajaingia kinywani, kisha mvuruge humo. Dagaa waache wiki nzima: vichwa na miiba yao hunasa shimoni. Bisi, karanga na muwa vivyo hivyo. Ugali ukiutamani, usonge laini, tafunia upande wa pili.

Saa 24 zikipita, sukutua taratibu kila ukila: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi ya maji vuguvugu. Maumivu yakizidi siku ya 3 badala ya kupungua, au kinywa kikinuka vibaya, rudi kwa daktari wa meno siku hiyohiyo.