GPS ya simu haili bando

Ami, umeuliza kama simu itakuonyesha njia ukitoka bandari ya Wesha, Pemba, kwenda kisiwa cha Misali na mtandao umekatika. Itakuonyesha. GPS, yaani mfumo wa satelaiti wa kukuonyesha ulipo, haitaki laini wala bando, kwa sababu simu inasikiliza tu, haitumi chochote huko juu. Satelaiti ziko kama kilomita 20,200 kutoka ardhini, kila moja ina saa ya atomiki (saa sahihi mno) na inatangaza bila kupumzika: niko hapa, saa ni hii. Simu inapima ishara imechelewa kiasi gani, inapata umbali. Inazihitaji nne: tatu za kujua ulipo, ya nne ya kusahihisha saa ya simu yenyewe, maana hiyo ni ovyo. Ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde tu, umeshapotea mita 300!

Kinachokula bando ni ramani. Ipakue nyumbani kabla hujashuka pwani, la sivyo utaona kidoti cha buluu juu ya karatasi tupu (mimi yamenikuta). Na bila mtandao, ukiwasha mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa kuzikamata satelaiti. Kaa mahali peupe, usiwe chini ya turubai.

Ila kina cha maji GPS haikupimii. Hiyo kazi ya mashine nyengine, inayopiga sauti chini na kusubiri mwangwi. Majini sauti huenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Na dira ichukue vilevile, simu ikiingia maji ya chumvi ndiyo basi tena.