"Nakuogopa wewe kuliko Mungu"

*Shangazi, Bwana asifiwe. Nimeokoka miaka 11 sasa, niko kwaya na kikundi cha maombi. Mdogo wangu alirudi nyuma, akaishi na mwanamume miaka 3 bila ndoa. Sasa ametubu, na Jumapili alisimama kushuhudia. Watu walipiga makofi, mikono yangu ikakataa. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mimi kwanza, akanijibu: "Dada, nakuogopa wewe kuliko Mungu." Nina kasoro kama kila mtu, lakini sijawahi kuishi kama yeye. Je, nimekuwa Farisayo? Nijilinde vipi bila kuichekea dhambi?*
*Dada Mkubwa*

Amina, mwanangu. Barua yako nimeifupisha, ila kabla ya kuifupisha niliihesabu. Ile miaka 11 umeitaja mara 4. Makosa ya mdogo wako yamejaza ukurasa mzima, mpaka rangi ya gari la yule mwanamume (ya nini, jamani?). Yako yamepata mstari mmoja: "nina kasoro kama kila mtu." Kasoro zipi? Mtu anayeijua dhambi yake huionyesha kwa kidole, kama anavyolionyesha jino linalomuuma.

Tusimwonee bure yule Farisayo wa mfano wa Yesu katika Luka 18, mshika dini aliyesali hekaluni akijiona bora kuliko mtoza ushuru. Hakusema uongo. Torati iliagiza mfungo wa siku 1 kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Yeye alifunga mara 2 kwa juma, yaani kama siku 100 kwa mwaka. Zaka alitoa kweli. Hata sala yake aliianza kwa shukrani. Luka anasema mfano ule waliambiwa watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote", na hayo mawili hutembea yameshikana mikono. Ndiyo maana ugonjwa huu huchelewa kujulikana. Chakula chake ni mema: unakula mfungo, unakula kwaya, unakula kule kuamka alfajiri. Mlevi anajua kwamba amelewa. Sisi tunadhani tunakua kiroho.

Lakini wewe ningekupeleka zaidi Luka 15, kwa yule kaka wa mwana mpotevu, aliyetoka shambani akakuta karamu ya kurudi kwa mdogo wake, akakataa kuingia ndani. Anamwambia baba yake, "huyu mwana wako". Ndugu yangu hasemi. Baba anamrudishia neno taratibu: "huyu ndugu yako". Nawe ukurasa wa pili umeandika "huyo binti wa mama". Nilipofika hapo niliiweka barua chini kidogo.

Halafu hilo la kikundi. Unasema mlimbeba katika maombi miaka yote 3. Vikundi hivyo nimekaa, na dhambi yangu naitaja: niliwahi kumsema mtu nimefumba macho. "Bwana, mguse dada yetu, wewe unajua anakolala siku hizi." Asiyejua akajua. Watu wakaitikia amina. Tulipomaliza, wawili walinifuata kuuliza ni dada yupi, na nikawatajia, eti waombe kwa mzigo zaidi. Nilirudi nyumbani nikijiona mwombaji hodari.

Unauliza ujilinde vipi. Usiongeze mfungo kwa ajili ya hili. Utapata tu kitu kingine cha kuhesabu. Mtazame Paulo. Kwa Wakorintho anajiita "mdogo katika mitume". Kwa Waefeso ameshuka: mdogo kuliko aliye mdogo wa watakatifu wote. Akifika kwa Timotheo, anawataja wenye dhambi na kusema "wa kwanza wao ni mimi". Ni mimi, hakusema nilikuwa. Miaka yake ilimshusha hivyo, naye ndiye aliyepanda makanisa. Ya kwako 11 imekupeleka upande gani?

Na kuichekea dhambi, nani amekuomba? Uzinzi uite uzinzi. Ila Wagalatia 6:1 inasema aliyeghafilika mrejezeni "kwa roho ya upole", na kitenzi hicho katika Kigiriki ndicho Marko anachokitumia kwa wana wa Zebedayo wakizitengeneza nyavu zao chomboni. Anayeshona wavu hauburuti juu ya mawe. Anaukunjua mapajani, anatafuta palipokatika. Isitoshe, mdogo wako dhambi yake ameshaitaja mbele ya kanisa zima. Iliyobaki bila jina ni yako.

Basi nenda kwake wiki hii, bila Biblia mkononi na bila mtu wa kikundi. Mwambie ulisema nini juu yake, na ulimwambia nani. Usiseme "kama nilikukwaza". Hiyo "kama" iache nyumbani. Ukurasa wenye jina lake kwenye daftari lako la maombi, uchane mbele yake. Na akilia, usikimbilie kumwombea. Kaa naye.

Shangazi