Kabla Hujachora Ukuta wa Mtaani Lamu

Mwaka 2016, mjadala wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi ulipopamba moto, nilichora samaki mkubwa amelala ubavu kwenye ukuta wa kichochoro kimoja cha Langoni. Chini yake niliandika: "Tutakula nini?" Nilichora usiku, bila kumuuliza mtu.

Asubuhi bibi mwenye nyumba akaiona mikono yangu ina rangi. "Mjukuu wangu," akasema, "ndia ni ya watu wote, ukuta ni wangu."

Basi, unayeshika brashi, bisha hodi kwanza. Mwenye ukuta akikukubalia, ujumbe unakuwa wenu wawili, na akiulizwa atausemea. Ukimvizia, watu watazungumzia ukorofi wako na kusahau samaki.

Ya pili ni rangi. Mimi nilitumia ya mafuta. Kuta zetu za mawe ya matumbawe hupumua kupitia chokaa; rangi ya mafuta huzuia unyevu ndani, na chumvi hubandua plasta. Masika iliyofuata, nusu ya samaki ilianguka chini na plasta ya bibi. Niliirudishia kwa fedha yangu, nikachora upya kwa chokaa na masizi. Mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Kuubomoa huku tukidai kuutetea ni aibu.

Halafu fikiria nani atasoma. Mwaka 2012, Boniface Mwangi na wachoraji wenzake waliwachora wanasiasa kama tumbusi katikati ya Nairobi, na nchi nzima ikaelewa. Nawaheshimu sana. Lakini Lamu ukimchora mtu, umechora mjomba wa fulani, na barazani watabishana ukoo badala ya makaa. Chora jambo lenyewe. Andika maneno machache, Kiswahili cha mvuvi. Kuta zetu zimezoea kusema: magofuni Gede, karibu na Malindi, mna majahazi yaliyochorwa kwa kukwaruza plasta karne nyingi zilizopita.

Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya kiwanda kile. Wananchi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo. Waliokwenda mahakamani ndio walioshinda kesi, si samaki wangu. Nilimwendea bibi kumuuliza kama niufute mchoro.

"Uache," akasema. "Bandari nayo yaja. Bado hawajatujibu."