Jibu: Albamu ya bendi isiyo na lebo, bure au kwa bei?

Ndugu yangu wa Ngamiani, Tanga, hongereni sana kwa kumaliza albamu. Umeuliza kama bendi ya roki isiyo na lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kusambaza muziki, iweke kazi yake mtandaoni bure au iiuze. Mimi nasema uzeni, ila mwacheni msikilizaji apange bei.

Bendi ya Radiohead ya Uingereza walifanya hivyo tarehe 10 Oktoba 2007. Mkataba wao na lebo ya EMI ulikuwa umekwisha, wakaiweka albamu yao In Rainbows kwenye tovuti yao: lipa unachotaka, hata usipolipa kitu. Ungedhani baada ya hapo hakuna atakayenunua CD. Kumbe ilipoingia madukani ikashika namba moja Uingereza na Marekani pia! Lakini tukumbuke, hiyo ilikuwa albamu yao ya saba, na jina walishalipata wakiwa na lebo kubwa. Ninyi jina mtalijenga jukwaani, na mji wetu uliozilea bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hauogopi gitaa, naamini hivyo kabisa.

Kabla ya kupakia chochote, sajilini nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Halafu kaeni chini muandike nani katunga nini na kila mmoja anapata mgao gani, wote mtie saini. Bendi niliyokuwa nikipiga besi ilivunjika kwa kukosa karatasi hiyo moja tu, na mpaka leo inaniuma.

Siku ya onyesho la kwanza nijulisheni, nitashuka kutoka Chumbageni na wenzangu.