Roboti ya maswali ya kilimo hupata wapi majibu?

Wapo wanaodhani kwamba nyuma ya roboti hii, yaani programu ya simu au kompyuta inayojibu maswali, kuna mtaalamu anayekuandikia kwa siri. Hapana ndugu, hayupo. Ile iliyotengenezwa vizuri hupekua kwanza nyaraka ilizopewa na taasisi, yaani vijitabu, miongozo na maswali yaliyokwisha kujibiwa, ndipo itunge jibu kutokana na ilichokikuta humo. Isiyopewa nyaraka hutunga kwa mazoea ya maneno iliyofunzwa nayo, na hiyo ndiyo inayopotosha watu.

Mimi ni afisa ugani huku Mbeya. Niliijaribu moja ya aina hiyo ya pili, nikauliza maharage yapandwe lini, ikanipa ratiba ya vuli na masika, yaani ya misimu miwili ya mvua! Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na wengi hupanda maharage Februari na Machi ili yakomae mvua ikikatika. Mkulima akifuata ratiba ile, mbegu imekwenda.

Iulize jibu limetoka kijitabu gani, cha mwaka gani. Ikishindwa kutaja, mwone afisa ugani wa kata yako au, ukiwa huku Mbeya, fika TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania.